Kipande cha Katikati

Mkolani, Mwanza
6 Juni 1994

Mpwa wangu Gladness,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye, Mwanza hii ingekuwa na shukrani, mtaa mmoja ungekuwa umeshapewa jina lake. Nasema hivyo bila majivuno, wewe mwenyewe wanijua, majivuno si asili yangu. Ila ukweli ni kwamba kabla yangu hapakuwa na mtu kuanzia Mkolani hadi Kirumba aliyejua kwamba gitaa moja linaweza kupigwa na mtu mmoja, likatoa besi na solo kwa pamoja, bila mwimbaji wala ngoma. Waliponisikia walidhani nimeficha kaseti tumboni mwa gitaa. Viboko walitoka ziwani mchana kweupe wakakaa mstari kunisikiliza. Waliokuwepo siku ile wote ni marehemu, kwa hiyo itabidi uniamini mimi.

Mimi mzima. Kiwandani nimewaachia nafasi vijana. Walinisihi nibaki, meneja karibu alie, nikasema hapana, siku hizi ni soko huria, na mwanamume lazima awe huru kama soko. Shangazi yako Justa bado yuko kwao Magu anasalimia.

Sasa sikia. Mzee Otuoma ameanguka. Kiharusi. Ilikuwa asubuhi, anavaa kiatu, kiatu kikamshinda. Yuko Buzuruga kwa binti yake Selestina. Mdomo umekwenda upande, neno halitoki, mkono wa kulia umelala kama wa mtu mwingine. Lakini wa kushoto, Gladness, wa kushoto unatembea. Nilikaa naye Jumapili, nikauona unatembea juu ya blanketi. Selestina anadhani baba yake anajikuna. Mimi nilijua. Anabonyeza nyuzi. Anapiga wimbo wa marehemu mkewe, Adoyo.

Nikashindwa kujizuia. Mbele ya Selestina, majirani na katekista mmoja, nikasimama nikasema: Mzee, kabla hujarudi kwenu Shirati, mimi Mihayo nitakupigia wimbo huo mzima, mwanzo mpaka mwisho, hapa hapa kitandani pako. Mzee akanishika mkono kwa ule wa kushoto. Hakuniachia. Ilibidi Selestina amfungue kidole kimoja kimoja.

Wanampeleka kwao mara tu shemeji zake Selestina watakapofika. Huko hakuna gitaa, na kwa hali niliyoiona hakuna muda pia.

Sasa tatizo unalijua. Wewe ndiye tatizo. Mzee alitugawia wimbo kama anayegawa shamba: mimi mwanzo, wewe katikati, Shimba mwisho. Nilimwambia tangu siku ile kwamba mtu wa kipaji changu apewe shamba zima. Akasema, "Kila mtu na kipande chake. Mkiutaka wimbo, mtakutana." Ndivyo tulivyokutana, kila Jumapili karakanani kwa Shimba, gitaa likitoka paja hadi paja na besi isikatike. Halafu wewe ukaolewa ukavuka maji, ukaenda Nansio na katikati yetu.

Shimba mwisho wake anao, ingawa anaupiga kama anayechonga mlango. Mimi mwanzo ninao. Katikati pana shimo. Alisema mwenyewe Mzee, pale ndipo mkewe anaposimamisha jiwe la kusagia na kuongeza ulezi. Bila hapo, jiwe linasaga hewa.

Njoo. Panda meli ya wiki hii. Kama mumeo Elias atanuna, mwambie ni mimi niliyesema, ataogopa.

Mjomba wako,
Mihayo Malimi
Mwenyekiti na Mwanzilishi wa Kikundi, Mpiga Gitaa Mkuu wa Kanda ya Ziwa

*

Nansio, Ukerewe
11 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa Kija, yule anayevusha machungwa kwa meli. Nimeisoma nimekaa chini.

Mzee Otuoma aliwahi kuniambia kuwa mimi nasikia kama Adoyo alivyokuwa akisikia. Sikuwahi kumwambia mtu. Mpe pole yangu, mshike huo mkono wa kushoto kwa niaba yangu.

Kuja siwezi, Mjomba. Elias yuko visiwani, na huku mwaloni sangara wanashuka kila asubuhi, maboti ya barafu ya viwanda hayangoji mtu. Mambo ni mengi kidogo. Usinidhanie vibaya.

Nakuandikia kipande chote hapa, kwa majina yale yale aliyotufundisha Mzee. Nayarudia ili tusipotezane: uzi mnene kabisa ni Babu, anamfuata Bibi, kisha Baba, Mama, Kaka, na ule mwembamba ni Mtoto. Vyumba, zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni, unahesabu kutoka kichwani mwa gitaa. Asiyebonyezwa yuko mlangoni.

Babu abaki mlangoni muda wote. Dole gumba lisimwache, limpige kama jiwe la kusagia, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mama aingie chumba cha pili, Kaka cha tatu, wakae pamoja wasitoke. Mtoto aanze chumba cha tatu, apite cha pili, arudi mlangoni, anyamaze. Pale anaponyamaza, Adoyo ameshika kibuyu cha ulezi. Usiharakishe. Kisha Bibi anapanda peke yake: mlangoni, cha pili, cha tatu. Hapo ndipo ulezi unamwagika. Mtoto anajibu, chumba cha tano, cha tatu, cha pili, na jiwe linaanza tena. Unarudia mara mbili, ya pili polepole, unampa Shimba.

Halafu, Mjomba, jambo moja dogo. Babu amelegezwa kama tulivyozoea? Mzee hakulifunga gitaa lake kama la bendi. Alisema Babu lazima akohoe. Asipokohoa, wengine wote wanakosa adabu.

Msalimie Shimba. Msalimie na shangazi akirudi.

Mpwa wako,
Gladness

*

Mkolani
17 Juni 1994

Mpwa wangu,

Kipande ulicholeta si chenyewe.

Nakuambia taratibu kwa sababu mimi ni mtu wa taratibu. Nimekaa nacho karakanani kwa Shimba siku nzima, barua nimeigongomea ukutani, nikafuata kila chumba ulichosema kama askari anayekagua nyumba. Inatoka sauti ya sufuria zinazoanguka. Mama na Kaka wakikaa pamoja wanagombana. Bibi alipopanda, mbuzi wa jirani aliyekuwa amefungwa pale nje alikata kamba. Sikuzidishii.

Tena barua yako Kija ameisoma, gundi ilikuwa imelowa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko kwa wakwe zako kuna ugomvi wa vyumba, maana Babu amezuiwa mlangoni na Mtoto anatolewa kila anakoingia. Nikamwambia ni mambo ya ukoo. Akasema pole, hata kwao yapo.

Kuhusu kutyuni, huko kuzipatanisha nyuzi. Gladness, mwanangu, hivi unajua unamuuliza nani? Mwaka sabini na nne bendi moja kutoka Zaire ilikwama hapa Mwanza, mpiga solo wao akashikwa na malaria. Nani aliyatyuni magitaa yao yote, kwa kidole kimoja, huku anakula ndizi? Kiongozi wao alilia. Akataka kunichukua Lubumbashi, mama yangu akakatalia kituoni. Basi gitaa limetyuniwa na mikono hiyo hiyo. Babu nimemkaza vizuri, hakohoi tena, anaimba kama kijana. Mtoto alikatika wakati namkaza, nadhani kwa furaha, nimeweka uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Unang'aa kuliko wote.

Kwa hiyo tatizo si gitaa. Tatizo ni karatasi. Umesahau chumba mahali fulani, au umeandika huku unaangalia sangara.

Nilikwenda tena Buzuruga. Mzee amepungua. Sasa anakunywa uji kwa kijiko, nusu unarudi. Nilipoingia bila gitaa akaangalia mikono yangu, kisha akaangalia mlango, kama anayengoja aliyebaki nyuma na mzigo. Nikamwambia, bado kidogo Mzee, tunapiga pasi tu. Akafumba macho. Mkono wa kushoto ukaanza tena juu ya blanketi. Nilijaribu kuufuata, ili ninakili hapo hapo. Ukifika katikati unakwenda haraka, siuwezi.

Selestina anasema shemeji zake wametuma salamu, watafika mwanzoni mwa mwezi ujao.

Andika upya. Safari hii tulia. Au njoo wewe mwenyewe, tumalize. Meli si ndege.

Mjomba wako,
Mihayo Malimi
Mwenyekiti, Mwanzilishi, n.k.

*

Nansio
21 Juni 1994

Mjomba,

Shikamoo.

Nimekirudia chote, chumba kwa chumba. Ni kile kile. Sikubadilisha kitu kwa sababu hakuna cha kubadilisha. Nakipiga kichwani kila siku ninapoamka, kabla sijakumbuka mambo mengine.

Naomba usinichukie kwa ninalosema. Uliposema Babu anaimba kama kijana, nilishtuka. Mlegeze. Endelea kumlegeza hata ukiona aibu, mpaka ukimpiga usikie kifuani kuliko masikioni. Ukishampata Babu, Bibi anamfuata, na wengine wanajipanga kwa Bibi. Waya wa breki unalegea wenyewe ukipata jua, kwa hiyo Mtoto umsikilize kila mara kabla hujaanza.

Ningesema umpe Shimba akusaidie kusikiliza, ila najua masikio yake yaliliwa na ile mashine ya kuranda.

Unakumbuka nilivyokuwa nafika mapema Jumapili kufagia karakana? Nilikuwa nalishika kidogo gitaa kabla hamjaja. Sikuwaambia, isije ikaonekana najifanya. Labda ndiyo maana nalisemea sana.

Kuja bado siwezi. Usiniulize sana, Mjomba.

Mpwa wako,
Gladness

*

Buzuruga
26 Juni 1994

Kaka Mihayo,

Salaam. Najua ulikuja jana kwa moyo mwema na sote tunajua baba anavyokupenda. Lakini nakuomba, ukija tena kumwona, usije na gitaa. Tangu ulipoondoka hajakubali uji, na mkono wake wa kushoto hauchezi tena. Ameuficha chini ya blanketi.

Shemeji wamepata gari. Tunaondoka naye Jumamosi ya tarehe tisa Julai, alfajiri.

Usikasirike. Mama yangu Adoyo angekuwepo angejua namna nzuri ya kulisema hili.

Dada yako,
Selestina Otuoma

*

Mkolani
27 Juni 1994

Gladness,

Nilipiga. Juzi, Buzuruga. Chumba kilijaa watu mpaka wengine wakasikilizia dirishani. Mzee alitokwa machozi. Watu wakasema hawajawahi kuona mgonjwa akiguswa hivyo na muziki. Mwenye duka la mkabala alizima redio yake kwa heshima, na wewe unajua redio za siku hizi, zile za kutoka Dubai, hazizimwi hata kwa kifo.

Lakini nilipiga kwa aibu, na aibu hiyo uliniletea wewe. Mwanzo wangu ulikwenda. Nilipoingia katikati nikajua nimeingia kwenye nyumba isiyo na sakafu. Nilifuata karatasi yako hiyo hiyo unayoapa kuwa ni ile ile.

Sasa nitasema kilicho moyoni, maana huku hakuna mwingine wa kumwambia. Umekificha. Kipande cha kweli unacho na umekificha. Umeona Mzee anakwenda, mimi ni mtu wa kubaki bila kazi, Shimba ni kiziwi, ukasema akilini mwako: mimi peke yangu nitabaki nao. Siku moja utaupiga huko kwa watu, utasema ni wako. Watu wanabadilika, nimeyaona. Pale kiwandani, wale wale tuliokula nao ugali wa zamu ndio waliosoma majina ya kupunguzwa, na sauti zao hazikutetemeka.

Nilikufundisha kushika gitaa. Mimi ndiye niliyekupeleka kwa Mzee ukiwa bado na sare ya shule, watu wakisema msichana na gitaa wapi na wapi, mimi nikawanyamazisha. Leo nakuomba mistari michache, unanitumia uongo, halafu unanifundisha kulegeza nyuzi.

Na kuja hutaki. Kila siku mambo ni mengi. Mambo gani? Samaki?

Wanampeleka tarehe tisa. Jumamosi, alfajiri. Nilimwahidi mbele za watu, Gladness. Alinishika mkono. Kama una jambo la kumwambia marehemu mtarajiwa, niandikie, nitamsomea. Kipande chako baki nacho, ulale nacho.

Mihayo Malimi

*

Nansio
1 Julai 1994

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikuwa nimeamua nisijibu. Elias karudi jana, kaisoma barua yako, akasema, "Mwandikie. Asipojua atakuchukia bure, na wewe utamchukia bure."

Kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto hakipo.

Ilikuwa mwezi wa nne. Nilikuwa napasua sangara mkubwa, mwiba wa mgongoni ukanichoma kwenye kiungo. Kitu kidogo, kila mtu mwaloni anachomwa. Nilifunga kitambaa nikaendelea. Siku chache mkono ukavimba hadi kwapani, nikaanza kuweweseka. Hospitali wakasema ama kidole ama mkono. Elias akasema kidole. Mimi sikuwa na akili ya kusema.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja, ungelia mbele za watu, na ungewaambia mwiba ulikuwa mrefu kama mkuki. Ningecheka, halafu nisingeweza kunyamaza.

Sijapiga tangu wakati huo. Nikikumbuka kipande changu nasikia kidole hicho kinabonyeza Kaka, chumba cha tatu. Kinabonyeza kabisa. Nikiangalia, hakipo.

Sasa kuhusu uongo. Barua yako ya kwanza ilipofika sikuwa na gitaa wala mkono wa kuhakiki. Nilichukua kasia la Elias, nikachora nyuzi na vyumba kwa mkaa, urefu kamili wa gitaa la Mzee, naukumbuka kwa mkono. Nikaweka vidole vyangu vitatu, na Elias akawa amekuja siku mbili kuchukua chumvi, nikamwambia akae nyuma yangu alete kidole chake mahali pa hicho kilichokosekana. Alikuwa ananuka dagaa. Akauliza, "Nibonyeze wapi?" Nikasema, "Kaka, chumba cha tatu." Tulikipitia kipande chote hivyo, kasia mapajani, pasipo mlio wowote. Hakuna chumba nilichokisia.

Kwa hiyo sikukificha. Nilikupa chote, mpaka cha kuazima.

Sina hasira. Nimechoka tu. Mwambie Mzee namshukuru, na kwamba alipotugawia alinipa mimi kilicho kizuri kuliko vyote, nalijua hilo.

Gladness

*

Mkolani
4 Julai 1994

Gladness mwanangu,

Barua yako nimeisoma karakanani, nimesimama. Shimba aliniona akanisogezea stuli.

Nilitaka kuanza kwa kukuambia kwamba mimi nilishawahi kumwona mtu wa Geita asiye na vidole viwili akipiga gitaa hadi mvua ikanyesha. Nimeyafuta. Nimechukua karatasi nyingine.

Nisamehe. Sijui namna ya kulisema neno hilo, ndiyo maana liko peke yake hapo.

Sasa nisikilize vizuri, meli inaondoka, na Kija ananingoja hapa mlangoni na matenga yake matupu, nimemwahidi nitamwandikia na yeye wimbo.

Nilikuambia Mzee alitokwa machozi. Ni kweli yalitoka. Nilikuambia chumba kilijaa. Alikuwepo Selestina na mtoto wa jirani. Nilianza ule mwanzo wangu, na Mzee akageuza uso akaniangalia, nikaona tayari kuna kitu kinamsumbua, nikadhani ni maumivu. Nikaongeza nguvu. Nilipofika kwenye kipande chako alitoa mkono wa kushoto chini ya blanketi. Ule mkono mmoja aliobaki nao, unaopiga wimbo wa mkewe usiku na mchana. Nikafikiri anataka kunishika tena. Akauinua polepole, ukawa mzito, akaupeleka kichwani, akaziba sikio.

Aliziba sikio, Gladness. La pili lilikuwa kwenye mto. Mimi nikaendelea mpaka mwisho wa Shimba, kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Selestina ndiye aliyeniwekea kiganja juu ya nyuzi.

Siku ile nilitembea toka Buzuruga hadi hapa na gitaa mgongoni, watu wakinisalimia, "Mwalimu, leo wapi?" nikawajibu nimetoka kupiga sherehe.

Kwa hiyo njoo. Siyo kwa ajili ya vidole. Vidole ninavyo mimi, vyote, havina kazi nyingine siku hizi. Kipande chako nakijua sasa kila chumba, nimekipiga kwenye ubao wa Shimba mpaka ncha zimechubuka, maana kwenye ubao hakuna mlio wa kunisuta. Njoo Alhamisi, tulale, Ijumaa jioni twende Buzuruga pamoja, kabla ya alfajiri ya Jumamosi. Elias na aje, mwambie hakuna wa kumwogopa huku. Selestina nimemwomba ruhusa. Kakataa. Nikamwambia Gladness anakuja, akasema, "Akija Gladness, leteni."

Umeona? Hata yeye anajua.

Na wewe ulijua, ukaninong'oneza kwa adabu kwenye barua zako zote, Babu hivi, Babu vile, na mimi nikakujibu kwa Wazaire. Zile Jumapili ulipokuwa unafika mapema kufagia, unadhani nilikuwa sijui. Nilikuwa nje. Nilikuwa nasimama nyuma ya ukuta, pale kwenye rundo la maranda, nikikusikia unampata Babu, unampata Bibi, mmoja mmoja, kama mama anayeita watoto ndani. Nilikuwa nasubiri mpaka ufagio uanze. Ndipo naingia, nalichukua gitaa, nazungusha visikio vyake vya kukazia nyuzi kidogo kushoto, kidogo kulia, natega sikio, natikisa kichwa, nasema, "Sasa limekaa." Ukigeuka kuweka ufagio najua unarekebisha nilichoharibu. Shimba alikuwa anaona. Hata Mzee nadhani.

Tangu uolewe hakuna aliyelishika gitaa lile akalipatanisha. Nazungusha na kutikisa kichwa tu. Nyuzi sita zote mimi nazisikia sawa, iwe Babu anakohoa au anaimba. Ukinifunga macho ukanipigia moja, sitakuambia ni ipi.

Karatasi yako ilikuwa sahihi. Sijui kulityuni gitaa, Gladness. Sijawahi kujua.

Mjomba wako